Ziwa Lililolishwa Samadi

Mwika, 17 Septemba 1950

Kwako mpwa wangu Elinipendo, nesi wa Tanga,

Pokea salamu kutoka mlimani, nyingi kiasi kwamba watu wa posta wangezipima wangekataa kuzibeba. Sisi huku wazima. Mama yako Tabitha mzima, mgongo unamsumbua asubuhi lakini mdomo haujawahi kumsumbua. Mdogo wako Priska amefika darasa la nne, yaani sasa tumelingana kwa elimu, na mwakani akinipita nitaanza kumwamkia shikamoo. Yule ng'ombe wangu mwenye doa amezaa ndama jike. Kahawa imeiva, mashine ya kumenyea inalia kutwa, na migomba imezaa mikungu mizito mpaka tunaitegemeza kwa miti kama wazee.

Sasa keti, nikupe habari yenyewe.

Unalikumbuka ziwa la Mringeni, kule chini tambarare tunakokata majani ya ng'ombe. Najua unalikumbuka. Basi mjomba wako amelifanya shule. Kila Jumamosi watoto ishirini na watatu wa Mwika wananifuata huko kujifunza kuogelea. Wachagga hao! Watu ambao maji wanayajua ya kwenye kibuyu na ya kwenye mfongo, mfereji usiofika hata magotini! Niliyofundishwa kisiwani Silani nilipokuwa Keya, askari wa Mwingereza, nawafundisha bure: kupiga miguu, kupumua pembeni, kulala juu ya maji kama chifu kitandani. Rafiki yangu Khamisi, fundi magari wa Njoro tuliyekuwa naye vitani Bama, amenipa mipira minne ya ndani ya matairi ya lori kwa ajili ya waoga. Nimewaambia watoto kwamba kidole changu cha mguu wa kushoto kililiwa na mamba wa Bama tukivuka mto huku Wajapani wanapiga, nami nikaendelea kuogelea bila kugeuka nyuma. Wananisikiliza kuliko wanavyomsikiliza mchungaji. Wewe unaijua hadithi ya kweli. Kaa nayo huko huko Tanga.

Priska ndiye bora wao. Anakata maji kama mundu mpya.

Na si hilo tu. Mwaka jana bwana mmoja wa serikali alimwaga perege wadogo ziwani akaenda zake. Samaki wakakaa wembamba kama njiti. Nikajiuliza: mgomba ukiwa mwembamba tunaufanyaje? Tunautilia samadi. Sasa punda wawili wanashusha samadi kutoka zizini kwangu kila siku, pamoja na maganda ya kahawa kutoka kwenye mashine, nami namwaga ziwani. Elinipendo, ungeliona ziwa! Limekuwa kijani. Kijani nzito, iliyoshiba, kijani ya kihamba, shamba letu la migomba, baada ya masika. Mzee Kornel, yule mkubwa wa mfongo, alinikuta namwaga akasema, "Gidioni, ziwa si kihamba." Nikamjibu, "Mzee, wewe dunia uliimaliza ulipofika Himo hapo chini." Watu walicheka mpaka punda wakashtuka.

Mpango ni huu. Jumatatu ya Pasaka watoto wote watavuka ziwa, kutoka ukingo wa mawe mpaka ukingo wa matete, mbele ya Mwika nzima. Na mimi ninamtaka mtu mmoja awepo kuliko wote, mama yako. Anajua Priska anaogelea. Hakukataza, hakuruhusu. Jumamosi mtoto akirudi, mama yako anamgusa nywele kuona kama zimelowa, kisha anampa chakula, basi. Majani ya ng'ombe anayakata upande wa mbali kabisa, ziwa kalipa mgongo. Sasa ni miaka sita.

Mengine unayajua, hayahitaji wino.

Ni mimi mjomba wako, bingwa wa maji matamu,
Gidioni


Tanga, 22 Oktoba 1950

Shikamoo mjomba Gidioni,

Barua yako niliipata, ikanikuta zamu ya wodi ya watoto, nikaisoma nimesimama kwa sababu kiti cha kukalia hakuna. Mimi mzima, ila joto la huku linanifanya nitamani baridi ya Mwika niliyokuwa nailalamikia. Wenzangu bado wananiuliza kama ni kweli kwetu tunakula ndizi asubuhi, mchana na jioni. Nawaambia ndiyo, na katikati tunakunywa. Mwambie mama nimepata kitambaa cha mgongo, nitakituma. Mwambie Priska asiache hesabu.

Nimefurahi kwa ajili ya shule yako, mjomba. Nimefurahi sana, na sina utani hapa.

Lakini naomba mambo mawili. La kwanza: mwalimu wetu wa afya alituambia njia rahisi ya kuyajua maji ya kuogelea. Ingia taratibu mpaka maji yakufike kiunoni, utulie, tope litue, kisha utazame chini. Ukiviona vidole vya miguu yako, watoto waingie. Usipoviona, watoke. Ni hivyo tu, haihitaji darasa la tano.

La pili: nichotee chupa moja ya maji hayo ya kijani unitumie kwa treni. Hapa hospitali kuna daktari wa maabara, mpole, anapenda kuulizwa maswali.

Usichukie. Nakuuliza kwa sababu wewe mwenyewe umeandika "kijani" mara tatu.

Ni mpwa wako,
Elinipendo


Mwika, 19 Novemba 1950

Kwa daktari wetu mkubwa Elinipendo, aliyekwenda Tanga kusomea vidole,

Salamu, salamu na tena salamu. Hatujambo. Vuli imechelewa, ikaja kidogo, ikaondoka bila kuaga. Kuku wawili wamechukuliwa na kicheche, naye nimemtungia mtego niliojifunza Bama, utashangaa. Kahawa yetu imepimwa ikaonekana ya daraja la kwanza, na aliyesema hivyo ni mtu anayenijua kwa jina. Mama yako amecheka juzi, mara moja, nilipoanguka na mkungu. Nilianguka tena makusudi lakini hakurudia.

Ziwa linaendelea vizuri kupita kiasi. Nimeongeza punda wa tatu. Kijani sasa imekuja mpaka juu, imetanda pembeni kama rangi ya mafuta ya bwana fundi, ukiweka kijiti kinasimama. Perege wanapanda juu kila asubuhi, wote kwa pamoja, wanafungua midomo. Nadhani wanaimba. Watoto wameongezeka mpaka ishirini na saba. Priska alivuka nusu ya ziwa, akarudi, hakupumzika! Ana upele kidogo mikononi na kiunoni, na wenzake wanne hivyo hivyo, ni joto tu, maana huku chini jua ni kali. Nimewapaka mafuta ya ng'ombe.

Kuhusu vidole vyako: nilifanya kama ulivyoniagiza, maana mimi nimekuwa askari na amri naijua. Niliingia mpaka kiunoni. Nikatulia. Nikatazama chini. Nikaviona vyote kumi, safi, vinanichekea. Basi shauri hilo limekwisha.

Nimekuwekea mkungu mmoja wa mshare kwenye treni ya Jumanne. Gawa na wenzako waache maswali.

Mjomba wako asiyezama,
Gidioni


Tanga, 10 Desemba 1950

Shikamoo mjomba,

Huku hatujambo. Ndizi zimefika, zimeiva njiani, zimeliwa na wodi nzima, aika, asante. Krismasi sitapata ruhusa. Mnisalimie mama, mwambie nitaimba huku huku.

Mjomba, wewe una vidole tisa.

Kidole kidogo cha mguu wa kushoto hakikuchukuliwa na mamba wala na Mjapani. Kasha la nyama ya makopo lilikuangukia bandarini, ulituambia mwenyewe mwaka uliorudi, nikiwa nimekukalia miguuni. Kwa hiyo hukutazama chini. Au ulitazama hukuona kitu, ukaandika idadi ambayo watu wengine wanayo.

Unataka nisiyaandike yale mengine, na mimi sijayaandika. Lakini fikiri hili moja. Watoto ishirini na saba wako ndani ya maji. Mmoja akameza maji akashuka chini bila kelele, maana hawapigi kelele, mjomba, wanashuka tu. Nawe bingwa unasimama hatua tatu kutoka kwake, na maji ni kama uji wa kijani. Utamwona kwa macho yapi?

Na upele huo si joto. Joto la Tanga nalijua, halichagui waogeleaji.

Chupa tafadhali.

Elinipendo


Mwika, 21 Januari 1951

Mpwa wangu,

Salamu. Tumeanza mwaka. Mama yako mzima. Priska mzima. Ng'ombe wazima.

Nimekaa na barua yako mwezi mzima na zaidi, nikiitia mfukoni na kuitoa. Nilitaka kukujibu kwa ukali. Niliandika barua ya kwanza, Priska akaisoma akaniambia, "Mjomba, hii ina matusi yasiyo na herufi kubwa." Nikaichana.

Wewe ndiye unanihesabia mimi vidole? Ni nani aliyekufundisha kuhesabu kama si mimi, kwa vidole hivyo hivyo vikiwa bado kumi, na vilipokwisha ukasema basi, tuazime vya mama? Babu zetu wametia samadi kwenye kihamba tangu zamani na migomba inazaa mpaka leo. Hakuna aliyeumwa na samadi. Huyo mwalimu wako wa afya amewahi kuotesha hata kitunguu?

Hayo ndiyo niliyotaka kusema, nimeyasema.

Sasa yale ambayo sikutaka. Nilirudi ziwani Jumatano, peke yangu, watoto wako shule. Nikaingia mpaka kiunoni. Nikasimama muda wa wimbo mzima wa kanisa na beti zake zote. Nikatazama chini. Elinipendo, sikuona vidole. Sikuona miguu. Kitovu changu mwenyewe, ambacho si kidogo, nilikiona kwa shida.

Khamisi amekuja na lori la mtu analolijaribu breki, nimempa chupa. Atampa gadi wa treni mkononi. Nimeichota palipo kijani zaidi, sikuchagua pazuri.

Mjomba wako


Tanga, 25 Februari 1951

Shikamoo mjomba wangu,

Natumaini hamjambo, hasa mama. Nimefaulu mtihani wa nusu, nimekuwa wa tatu. Nakuambia wewe kwanza kwa sababu najua Jumapili Mwika nzima itakuwa imesikia, na nitakuwa nimekuwa wa kwanza.

Chupa ilifika. Kizibo kilikuwa kimeruka njiani, na gadi akanikabidhi kama mtu anayekabidhi paka aliyekufa. Daktari alifurahi. Aliweka tone moja chini ya hadubini, akaniita niangalie. Mjomba, ile rangi si ya maji. Ni viumbe vidogo sana, umati mzima ndani ya tone, vimeshikana kama shanga. Anasema chakula chao ni kile kile cha migomba: samadi, maganda ya kahawa, kila kinachooza. Kwa hiyo hukukosea kwamba samadi inalisha. Umelisha kweli. Ila aliyekula si samaki.

Vikishiba vinazaana, jua likikaza vinaelea juu, ndiyo huo utando wa pembeni. Aina nyingine zina sumu. Mtu akioga anawashwa ngozi, akimeza anatapika na kuhara. Mnyama akinywa ule utando anaweza kufa. Huko kusini, anasema, wamewahi kupoteza ng'ombe wengi kwa siku moja. Na vinapooza vinamaliza hewa ndani ya maji. Perege wako hawaimbi, mjomba. Wanatafuta pumzi.

Dawa yake hakuna ya chupa. Ni kuacha kulilisha, kutoa tope lililokaa chini, na kuingiza maji mapya yasukume ya zamani yatoke. Na kungoja.

Sasa naandika lile tuliloacha. Mdogo wangu Antoni alikuwa na miaka kumi. Mama alikuwa anakata majani pale kwenye mawe, na Antoni aliingia kunawa miguu. Maji yalikuwa tope kwa sababu ng'ombe walikuwa wamepita. Wanaume walimtafuta kwa miti tangu asubuhi mpaka saa tisa alasiri, na alikuwa pale pale, hatua nne kutoka ukingoni, hakwenda popote. Mama alisimama muda wote na mundu mkononi. Mimi nilikuwa nimemshika gauni. Wewe ulikuwa Bama. Najua ndiyo sababu ya shule yako, hujawahi kusema, na nakupenda kwa hilo kuliko ninavyoweza kuandika.

Lakini usimwite mama Pasaka aje kusimama kwenye mawe yale, atazame mtoto mwingine akiingia kwenye maji asiyoyaona ndani.

Funga ziwa, mjomba. Na uwaambie wewe mwenyewe kwa nini.

Mpwa wako,
Elinipendo


Mwika, 2 Aprili 1951

Elinipendo, binti wa dada yangu,

Salamu za Pasaka. Tuko hai, na masika imeingia kwa nguvu, barabara ya Himo imekuwa mto. Hongera kwa kuwa wa kwanza.

Umengoja barua hii. Nisamehe. Nilikuwa naitafutia mahali pa kuanzia.

Barua yako ilifika siku ya Jumatatu. Siku hiyo hiyo nilisimamisha punda. Nikawaambia watoto tunapumzika kidogo, nikasingizia masika. Uongo mdogo, nikasema, haujaua mtu. Jumamosi iliyofuata ndama wa Mzee Kornel alishuka na wakata majani, akanywa pale pembeni kwenye utando. Kabla hawajamaliza kufunga mizigo alianza kutetemeka miguu, akalala, hakuamka. Ndama mwenye afya, macho maangavu. Watu wakasema nyoka. Wengine wakasema ziwa lina jicho baya tangu zamani, tangu siku ile. Mama yako alikuwepo. Alisikia.

Sikulala vizuri wiki hiyo, na mimi hulala hata chini ya mizinga.

Jumapili ya Matawi ibada ilipokwisha nilipanda juu ya ngazi ya kanisa, matawi yakiwa bado mikononi mwa watu. Walidhani nataka kutangaza mashindano. Kuna mtu alipiga vigelegele! Nikasema, "Hakuna kuvuka Jumatatu ya Pasaka. Ziwa nimelifunga. Halina nyoka wala jicho baya. Lina samadi, na samadi ni yangu. Nimelilisha kama kihamba likaota sumu. Upele wa watoto wenu ni mimi. Ndama wa Mzee Kornel ni mimi."

Eunike, yule mwenye sauti ya tarumbeta, akauliza, "Na kile kidole?"

"Kidole gani?"

"Cha mamba. Maana leo unasema kweli, tumalizie zote."

Nikawaambia kasha la nyama ya makopo. Wacha, Elinipendo! Walicheka mpaka matawi yakaanguka. Nimevuka mito ya Bama, lakini ngazi zile saba za kanisa ndizo nilizoshuka nikitetemeka.

Jioni nikaenda kwa Mzee Kornel. Nilimpelekea ndama wangu jike, yule wa ng'ombe mwenye doa, na mtungi wa mbege, pombe yetu ya ndizi, maana nilikuwa naenda kuomba maji, na maji ya mfongo hayaombwi mikono mitupu. Alionja mbege, akanitazama.

"Hii ulitia nini? Samadi?"

"Hapana, mzee."

"Mimi niliishia Himo, si ndiyo?"

"Ulifika mbali kuliko mimi, mzee."

Alikunywa mpaka nusu ya kata. "Ndama nimepokea. Maji nayo utapata, Jumapili zote za masika, kutwa. Siku hiyo hakuna mwenye zamu. Lakini mchanga ukijaa kwenye mfongo, utauzoa wewe, na watoto wako wa mamba."

Nimekubali. Ningekubali hata kuuzoa kwa kijiko.

Ni mimi mjomba wako, mwenye vidole tisa,
Gidioni


Tanga, 6 Mei 1951

Shikamoo mjomba,

Nimesoma barua yako mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, wodini. Wagonjwa wamekusalimu. Bibi mmoja wa Kisambaa, Mwantumu, anataka kujua kama umeoa.

Daktari wa maabara nilimweleza habari ya ngazi ya kanisa. Alisema katika miaka yake yote wanaomletea chupa za maji machafu ni wengi, lakini kila mmoja anakuja na jina la mwingine aliyeyachafua.

Mimi sina la kuongeza. Natembea huku Tanga na kichwa juu. Wakiniuliza mimi ni wa nani, nasema wa Gidioni wa Mwika.

Tope mtakalotoa msilimwage ukingoni, mvua italirudisha. Lipelekeni mlimani.

Elinipendo


Mwika, 9 Septemba 1951

Kwako nesi kamili Elinipendo, fahari ya mlima wote na sehemu ya pwani,

Pokea salamu kubwa kuliko zote nilizowahi kukutumia! Mama yako mzima, kitambaa cha mgongo anakivaa hata kanisani. Priska ameingia darasa la tano, nimemwamkia shikamoo mbele ya watu kama nilivyoahidi. Mzee Kornel mzima, ndama wake amekuwa mkubwa na anampenda kuliko wajukuu. Huyo bibi Mwantumu mwambie bado nafikiri.

Sasa keti, kama una kiti.

Masika yote, kila Jumapili, mfongo ulishuka ziwani na maji ya zamani yakatoka upande wa matete. Mchanga niliuzoa. Mvua zilipokatika, maji yakapungua, tukaingia kwenye tope. Watu wote! Nilidhani nitafanya na watoto tu, lakini akina mama walishuka na vikapu, maana walisikia kwamba tope lile ni samadi ya Gidioni iliyokaa mwaka, na mwanamke wa Kichagga haachi samadi ipotee. Walilipandisha mlimani kichwani, vikapu na vikapu, likaingia kwenye vihamba. Ndizi za mwakani utazisikia huko Tanga bila barua. Ukingoni tumepanda matete zaidi, na ng'ombe tumewachimbia bwawa lao mbali. Maganda ya kahawa hakuna tena anayeyashusha, nimeweka zamu ya ulinzi.

Kila Jumamosi nilikuwa naingia kiunoni peke yangu, watoto wamesimama ukingoni wakiuliza, "Mjomba, ngapi?" Juni: "Hakuna." Julai: "Kidole gumba, labda, au ni jiwe." Agosti katikati: "Sita." Wakashangilia. Nikasema sita havitoshi, sisi si watu wa sita. Mwisho wa mwezi nikaviona vyote, nikawaita wote waingie na kila mmoja ahesabu vya kwake kwa sauti. Ilikuwa kama shule ya kichaa.

Basi jana, Jumamosi, walivuka. Mwika nzima ilishuka, na Khamisi akaja na watu wa Njoro lori zima, na mipira yote minne ikaelea bila mtu. Kabla sijapiga filimbi, watu wakagawanyika upande wa mawe. Mama yako alikuwa anakuja, mundu mkononi, ametoka kukata majani.

Hakuna aliyemwita, Elinipendo. Nilitaka kumwita tangu mwaka jana, nikamwacha kwa sababu yako. Alikuja mwenyewe.

Aliuweka mundu juu ya jiwe. Akafunga kanga. Akaingia, polepole, palepale. Mpaka magoti. Mpaka kiunoni. Nikamfuata, sikujua kama nimshike au nisimshike, nikasimama kando yake tu. Akatulia tope litue. Kumbe alikuwa amejua habari za vidole siku zote, Priska anamsomea barua zako.

Akainamisha kichwa. Alitazama kwa muda mrefu sana. Hakuwa anatazama vidole tu, nilijua, alikuwa anatazama kila mahali chini pale, hatua kwa hatua, mpaka ukingoni, na chini palikuwa wazi, mchanga mtupu, na perege mmoja mnene akipita na shughuli zake.

"Kumi," akasema.

Akanigeukia.

"Na wewe, Gidioni?"

Nikatazama chini.

"Tisa," nikasema.

Akacheka, yule Tabitha wa zamani. Kisha akainua kichwa kwa Priska aliyekuwa amesimama juu ya mawe akingoja, akampungia mkono, akamwambia, "Haya, ingia. Nakuona."

Mjomba wako,
Gidioni